Sato, perege na mto Pangani: mabishano yetu yamekosa mahali

Mfuko mmoja wa vifaranga hujazwa maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, ukafungwa mpira shingoni na kuwekwa ndani ya boksi. Ukifika bwawani huachwa uelee dakika 15 hadi 20 ili joto la maji ya ndani lilingane na la nje, kisha hufunguliwa na samaki wadogo, urefu wa nusu kidole, hutoka taratibu. Picha za namna hiyo zimekuwa za kawaida nchini: lambo linapandikizwa sato, viongozi wamesimama ukingoni, wananchi wanapiga makofi. Hapa Tanga picha hizo zimezua kambi mbili. Moja inasema samaki ni chakula, waongezwe. Nyingine imesikia kwamba sato ni mgeni anayemmaliza perege wa mto Pangani, nayo inataka avuliwe hadi aishe. Naona kambi zote mbili zinamtazama samaki na kuisahau njia aliyopitia. Sato aliyekwisha kuingia katika mto mkubwa hatatoka, na fedha itakayotumika kumfukuza humo itapotea bure. Kinachoweza kuokolewa ni maji ambayo bado hajafika, na ulinzi wa maji hayo huanzia kwenye bomba la kutolea maji la bwawa la mfugaji. Ukianzia kwenye wavu wa mvuvi umekwisha kuchelewa.

Kwanza tuelewane kuhusu majina, kwa sababu nusu ya ubishi huu unatokana nayo. Pwani tumezoea kumwita perege samaki yeyote wa jamii hii, na neno sato limetufikia kutoka Ziwa Victoria pamoja na samaki mwenyewe ndani ya masanduku ya barafu. Kitaalamu sato ni Oreochromis niloticus. Bonde la Pangani lina perege wake: Oreochromis jipe wa upande wa juu, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, inamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la mji wetu, anayepatikana Pangani ya chini na mto Zigi. Wote wawili walielezwa kisayansi mwaka 1955 na Rosemary Lowe, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki. Ukivuka kwenda Bagamoyo, mto Wami una perege wake mwingine, Oreochromis urolepis, mwenye ndugu hadi Rufiji. Alama ya haraka ya kumtambua sato ni mkia: pezi la mkia lina mistari iliyosimama wima, iliyopangika vizuri kutoka juu hadi chini. Perege wetu hawana mistari ya namna hiyo. Chotara ndiye anayesumbua, kwani mistari yake inaweza kukatikakatika au kukosekana, na hapo jicho la mvuvi hata la mtaalamu halitoshi. Inabidi kipande cha pezi kiende maabara kupimwa vinasaba.

Jambo la pili ni maana ya ugeni. Katika mito, ugeni hupimwa kwa bonde, wala hauhusiani na taifa. Sato ni mwenyeji wa mto Nile, na hata Ziwa Victoria aliingizwa na watu, sawa na sangara, katika miaka ya 1950 na 1960. Ngege, yaani Oreochromis esculentus, ndiye aliyekuwa mwenyeji wa Victoria, naye leo yumo katika daraja lile lile la hatari kubwa kabisa. Lakini ngege huyo huyo aliletwa bonde la Pangani, akastawi katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo kwetu ni mgeni, na tena mgeni anayehitaji kulindwa. Perege wa Korogwe naye, ambaye Tanga tunamwona wetu, amepelekwa Ziwa Chala ambako anaishi pamoja na Oreochromis hunteri, samaki asiyepatikana penginepo duniani. Kwa hiyo anayesema "tupandikize samaki wa Kitanzania" hajasema kitu. Swali ni Mtanzania wa mto upi.

Madhara yenyewe huja kwa njia tatu, na iliyo kubwa haionekani. Watu hufikiria sato anamla perege. Hula vifaranga, ndiyo, lakini hiyo si hoja kuu. Sangara ndiye mla wenzake. Njia ya kwanza ni kugombania mahali pa kuzalia: dume huchimba kiota cha duara kwenye maji mafupi yenye mchanga au tope jepesi na kukilinda, na dume kubwa la sato huwasukuma wadogo pembeni. Ya pili ni chakula, maana wote hutafuna mwani na mabaki ya mimea. Ya tatu ni uchotara. Samaki hawa wa jamii moja hupandana na kuzaa watoto wanaozaa. Jike hukusanya mayai kinywani, huyaatamia na kuwalinda vifaranga humo kwa karibu wiki mbili, kwa hiyo kila mzao huishi kwa wingi, na damu ya mgeni husambaa vizazi vichache tu. Mto unaendelea kujaa samaki, mvuvi hana malalamiko, na perege anatoweka bila mzoga hata mmoja kuelea juu ya maji. Mgeni mwingine, Oreochromis leucostictus, mwenye mwili mweusi na madoa meupe, anafanya vivyo hivyo, na kwa kuwa hakui sana hakuna anayemfuga kwa kukusudia. Husafiri kwa kuchanganyikana na vifaranga vya sato ndani ya mfuko uleule. Katika maziwa madogo ya Lindi, Rutamba na jirani zake, ambako aina ya korogwe ilikutwa kilomita mamia kutoka kwetu, ndiye huyo leucostictus aliyekutwa amezaa naye machotara.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu perege wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta uchotara upo, ila ni mdogo. Baadhi ya wasomaji wamelichukua neno "mdogo" kama ruhusa ya kulala. Kwangu neno hilo linasema kinyume chake: bado kuna perege safi wa kutosha kuanzisha akiba, na nafasi hiyo haitadumu. Mwaka huo huo watafiti, wakiwamo wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sato na leucostictus wameenea karibu katika mabonde yote makubwa ya nchi, na kwamba sehemu kubwa ya kuenea huko imetokana na upandikizaji wa makusudi wa miongo mingi. Yaani mikono ya watu, kwa nia njema.

Sasa twende kwa wale wanaotaka avuliwe hadi aishe. Jambo hili limejaribiwa kwa fedha nyingi katika mto Colorado wa Marekani, ndani ya Grand Canyon, kwa ajili ya samaki wa asili aitwaye humpback chub. Kati ya 2003 na 2006 mashua zilipita usiku zikivua kwa umeme karibu na mahali mto Little Colorado unapoingia, na trauti, samaki wageni humo, zaidi ya 19,000 waliondolewa. Chub waliongezeka, watu wakashangilia. Baadaye takwimu zilionyesha kuwa trauti walipungua pia sehemu ambazo hakuna aliyewagusa, na kwamba maji ya mto yalikuwa yamepata joto katika miaka hiyo hiyo kwa sababu ukame ulishusha kina cha bwawa la juu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni nini kilichomsaidia chub. Watu wa kabila la Zuni, ambao mahali pale ni patakatifu kwao, walipinga uhai kuuawa na kutupwa, na mpango ukabidi ubadilike ili samaki wanaotolewa waliwe. Kisha mwaka 2022 walionekana watoto wa samaki mgeni mwingine, smallmouth bass, chini ya bwawa hilo la juu, liitwalo Glen Canyon: maji yake yaliposhuka, tabaka la juu lenye joto pamoja na samaki wake lilifikia midomo ya mitambo ya umeme, wakapita. Mwaka 2024 wakaanza kufungulia maji ya baridi kutoka chini, yasiyopita kwenye mitambo, ili mto ubaki chini ya nyuzi 15.5 ambapo bass hazai. Ilifanya kazi, kwa gharama ya umeme ambao haukuzalishwa.

Dawa hiyo ya baridi sisi hatuna. Nyumba ya Mungu ni bwawa la kina kifupi lenye maji ya vuguvugu, na mto kuanzia hapo hadi Hale unapita uwanda wa joto. Sato huzaa vizuri kati ya nyuzi 25 na 30, husitasita maji yakishuka chini ya 22, na hufa yakikaribia 11. Hakuna mwezi hata mmoja ambao Pangani inamkaribia huko chini. Kwa lugha nyepesi, mto wetu ni kitanda alichotandikiwa. Na kumvua? Anavuliwa kila siku, na bado yupo, kwa sababu nyavu huchukua wakubwa na kuwaachia wadogo nafasi ya kuzaa mapema. Katika mabwawa yenye msongamano sato huanza kuzaa akiwa na gramu 30 hadi 50. Huwezi kummaliza kwa nyavu halali, na ukiruhusu nyavu za matundu madogo utammaliza perege kabla yake.

Kuna mahali kuondoa mgeni kulifanikiwa, na ni Afrika hii hii. Katika mto Rondegat, milima ya Cederberg, Afrika Kusini, bass walikuwa wamejaza sehemu ya chini ya mto. Mwaka 2012, na tena 2013, kipande cha kilomita 4 kiliwekwa rotenoni, sumu ya kuua samaki. Bass wakaisha, na samaki wa asili wakarudi wenyewe. Ukilisoma tukio hilo haraka utafikiri siri ni dawa. Siri ilikuwa mipaka miwili: juu palikuwa na maporomoko ya asili ambayo bass walishindwa kuyapanda, hivyo wenyeji walikuwa wamebaki salama huko wakisubiri kushuka, na chini palikuwa na kizuizi cha ukuta kilichozuia bass wapya kupanda. Bila ukuta wa chini, mwaka wa tatu wangekuwa wamerudi. Bila maporomoko ya juu, kusingekuwa na wenyeji wa kurudi. Wazee wetu wanaijua rotenoni kwa jina jingine, utupa, mmea wa kulevya samaki, ambao sheria ya uvuvi inaukataza kwa sababu nzuri: utupa hauchagui. Hulevya sato, perege, ningu na kambale kwa pamoja. Pangani ina urefu wa karibu kilomita 500, vijito mamia, na watu wanaokunywa maji yake. Anayependekeza dawa humo hajaipima kazi.

Nakiri hoja ya upande wa pili ina uzito. Sato hukua haraka kuliko perege wengi wa asili, chakula chake kinajulikana, vifaranga vyake vinapatikana, na mnunuzi wa Tanga mjini hamuulizi muuzaji bonde alikotoka samaki. Malawi walichagua njia ya kukataza wageni na kuwataka wafugaji wafuge aina za nyumbani, na wafugaji wao wamelalamika miaka mingi kwamba samaki wanachelewa kukua. Mama wa Muheza mwenye bwawa la mita 10 kwa 15 nyuma ya nyumba, anayesomesha watoto kwa kuuza samaki mara mbili kwa mwaka, hawezi kuambiwa aache sato kwa ajili ya samaki ambaye hajawahi kumtofautisha. Simwambii aache. Ninachosema ni kwamba bwawa lake lisitiririke mtoni.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isemayo "samaki ni samaki, hawa perege wa asili hawana thamani". Waliojua thamani ya perege wa Wami walikuwa mbali. Mwaka 1960, C. F. Hickling, mtaalamu wa uvuvi Mwingereza, alitoa matokeo ya majaribio ya Malacca, katika Malaysia ya leo: madume ya samaki wa asili ya Wami, waliochukuliwa Zanzibar, yalipopandishwa kwa majike ya perege wa Msumbiji, watoto wote walitoka madume. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa dume hukua haraka na bwawa lisilo na majike halijazani vidagaa. Damu ya Wami imetumika tangu hapo katika ufugaji wa nchi nyingi. Zaidi ya hayo, perege huyo huvumilia maji ya chumvi, sifa ambayo kwa pwani yetu, ambako visima vinaanza kuingiwa na bahari, inaweza kuwa mtaji siku za usoni. Ukishamchanganya na sato mtoni, sifa ya kutoa madume watupu inaharibika, kwa kuwa inategemea usafi wa pande zote mbili. Hatuwezi kununua tena damu hiyo dukani.

Basi tuje kwenye bwawa lenyewe, ambako naamini kazi iko. Mfugaji huuziwa vifaranga kwa neno "wote madume", na huamini kwamba hata wakitoroka hawatazaa. Vifaranga hivyo hugeuzwa jinsi kwa kulishwa homoni katika chakula kwa siku 21 hadi 28 tangu wanapoanza kula, na kazi ikifanywa vizuri hufikia asilimia 95 hadi 99. Chukua 97: kati ya vifaranga 2,000 majike ni 60. Wakifa nusu, wamebaki 30, na kila mmoja anaweza kutoa mayai mia kadhaa kila baada ya wiki nne hadi sita. Hayo ni maelfu ya samaki wadogo kwa mzunguko mmoja kutoka bwawa lililouzwa kama halizai. Tena hata dume pekee akitoroka anaweza kupanda jike la perege.

Kosa la kawaida liko kwenye wavu wa bomba la kutolea maji. Mfugaji hufunga kipande cha chandarua mdomoni mwa bomba la inchi 4. Usiku wa mvua kubwa majani na mwani hukiziba, maji hupanda, hupita juu ya tuta, na tuta humegeka. Asubuhi mfugaji aliyeona hatari hiyo mara moja hukitoa kabisa chandarua kisimsumbue tena, na hapo mlango unabaki wazi moja kwa moja. Tiba ni kutenganisha kazi mbili. Wa nje uwe wavu mpana wa matundu ya sentimita moja, wa kukamata majani. Wa ndani uwe wa matundu ya milimita moja, kwa sababu kifaranga kinachotoka kinywani mwa mama kina urefu usiozidi sentimita moja na hupita kwenye chochote kikubwa kuliko milimita mbili; ila wavu huo uzungushwe kama kizimba kidogo kuzunguka bomba, wenye eneo kubwa, usibandikwe mdomoni. Eneo likiwa kubwa, hata nusu ikiziba maji hupita. Bomba limwage kwenye shimo la kokoto la mita moja kila upande kabla maji hayajafika mferejini. Tuta lizidi uso wa maji kwa sentimita 50. Wakati wa kuvuna, ambapo samaki wengi zaidi hutoroka kwa kuwa watu huyafungulia maji yote kwa haraka, maji yasielekezwe kijitoni bali shambani, kwenye migomba. Kisha bwawa likauke hadi tope lipasuke, wiki moja hadi mbili, na sakafu yake yote pamoja na madimbwi yanayobaki imwagiwe chokaa gramu 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba. Kwa bwawa la 10 kwa 15 ni kilo 15 hadi 23. Vidagaa vilivyojificha topeni hufa humo, na msimu mpya huanza na samaki mfugaji aliowachagua.

Kuhusu mahali, sheria ipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nayo husomwa zaidi kwa wakulima wa mboga na wachimba mchanga. Bwawa la samaki ndani ya mita hizo ni hatari kuliko bustani, kwa sababu masika yakija mto hulitembelea bwawa na kuondoka na samaki. Katika bonde la Luengera na tambarare za Korogwe mita 60 hazitoshi, maana maji hutanda mbali kuliko hapo. Kipimo cha maana ni alama ya mafuriko makubwa ambayo wazee wa kijiji wanaweza kukuonyesha kwenye shina la mwembe.

Kwa upande wa mamlaka, ningependa kibali cha kupandikiza malambo kiwe na swali moja la lazima: maji haya yakifurika yanaelekea wapi? Lambo la kijiji lililo kwenye bonde lisilo na njia ya kufika mtoni lipewe sato bila ubishi. Lambo linalotiririkia Zigi au kijito cha Usambara lisipewe hadi samaki waliomo wapimwe, na likikutwa na korogwe safi lifanywe hazina yao. Hazina ya namna hiyo haihitaji jengo. Inahitaji malambo matatu au manne yaliyotengana, ili ukame au mkono wa mtu ukiharibu moja mengine yabaki, na wazazi mia hivi kila moja ili damu isikaribiane mno. Maporomoko ya milimani nayo yaorodheshwe kama vizuizi, na marufuku ya kubeba samaki hai kuvuka juu yake iandikwe kwenye kila kibali, kwa faida ya samaki wadogo wa vijito ambao hata majina ya Kiswahili hawana. Kuta mpya nisingejenga: mikunga na kamba wa mtoni wanahitaji kupanda kutoka baharini, na kuta za mitambo ya umeme ya Hale pamoja na Pangani Falls zimekwisha kuwatesa vya kutosha.

Zigi ndipo pa kuanzia. Ni mto mfupi, unaanzia Amani na kuishia baharini kaskazini ya jiji, unatunywesha Tanga kupitia bwawa la Mabayani, na tayari una wakulima waliojiunga katika UWAMAKIZI kulinda vyanzo vya Kihuhwi na Zigi. Watu hao wanajua kila bwawa lililochimbwa kando ya kijito na lilichimbwa na nani. Kabla ya masika ya Machi, kundi hilo likipewa orodha ya kujaza, yenye umbali wa bwawa kutoka mtoni, aina ya samaki, hali ya wavu wa bomba na urefu wa tuta, pamoja na chupa ndogo za spiriti za kuwekea vipande vya mapezi ya perege watakaovuliwa Mabayani na juu yake, tutajua kwa mara moja ni mabwawa mangapi ya kurekebisha na kama bado tuna perege wa kumlinda humo.